Wimbo wa Nne Katika Albamu ya Saba

Mama yao, Bi Ovaline Stallings, alikuwa na kauli yake: wanawe wakiimba chumbani, yeye jikoni hakujua yupi ni yupi mpaka mmoja akosee maneno, na hapo alijua huyo ni Dewey. Royce, aliyemzidi Dewey miaka minne, hakuwa mtu wa kukosea maneno. Walikulia Mlima Sand, Alabama, kwenye shamba la pamba na viazi la baba yao, na walipoanzisha bendi ya kantri mwaka wa sabini na moja waliipa jina la kijito kilichopita nyuma ya shamba lile: Piney Fork. Royce alishika gitaa na maikrofoni ya katikati. Dewey alishika gitaa la besi, akasimama hatua mbili kushoto kwa kaka yake, akaimba sauti ya pili. Alisimama hapo miaka ishirini na moja.

Bendi ilivuma. Albamu sita zilitoka, na kati ya Georgia na Texas hapakuwa na kituo cha malori kisichouza kaseti zao. Wanawake walimpenda Royce, nao waume zao hawakuona vibaya, kwa sababu alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti, hanywi, na alipotoka safarini alikwenda moja kwa moja kwa mkewe Nelda na ng'ombe wake. Dewey naye walimpenda, kwa namna ambayo watu humpenda mdogo wa mtu.

Basi, masika ya mwaka wa tisini na mbili Royce alifanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Daktari alimweleza mapema kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita jirani sana, na kwamba hata mkono stadi huweza kuugusa. Uliguswa. Hakuna aliyekosea. Sauti ilirudi baada ya wiki sita, lakini ilirudi na mkwaruzo, na kule juu, mahali ambapo zamani Royce alipanda kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, sasa hapakuwa na kitu. Alipozungumza usingejua. Walijua watu watatu tu: Nelda, Dewey, na Garland Tate, prodyuza wao wa Nashville.

Vuli ile waliingia studio kurekodi albamu ya saba. Nyimbo kumi zilipita, zikiwa zinachechemea kidogo. Garland alipandisha fidla hapa, akashusha maneno pale, akafunika alichoweza. Wimbo wa nne ndio uliowashinda, na ndio ambao kampuni ya muziki ilikuwa ikiusubiri.

Uliitwa "Jumanne Ile". Royce aliuandika mwenyewe, juu ya siku baba yao alipouza shamba kwa mnada. Ilikuwa Jumanne ya Novemba, Royce ana miaka kumi na mitano, Dewey kumi na mmoja. Alfajiri ile baba yao aliamka akafagia banda la nyumbu, kona hadi kona, ili wanunuzi wasije wakasema waliuziwa uchafu. Hilo lilikuwa ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa tatu mtoto anamuuliza baba yake, mwaka ujao tutalima wapi, na pale kwenye "wapi" wimbo unapanda juu kabisa na kukaa huko, peke yake, bila ala yoyote chini yake.

Royce alijaribu siku tatu. Siku ya tatu alivua hedifoni, akazitundika taratibu kwenye msumari, akasema anakwenda nyumbani kupumzisha koo, watamwona Jumatatu. Alimshika Dewey bega akipita.

Jumamosi asubuhi Garland alimpigia Dewey simu hotelini, akamwomba afike studio mara moja. Dewey alipofika hakumkuta mpiga ala hata mmoja. Muziki ulikuwa umesharekodiwa, umekaa kwenye utepe unasubiri mdomo.

"Niimbie tu nione wimbo unavyotaka kukaa," Garland alisema. "Ni alama ya njia. Kaka yako atakuja kupita juu yake."

Dewey alijua kwamba hiyo si kweli, na Garland alijua kwamba Dewey anajua. Lakini maneno yale yaliwapa wote wawili pa kukanyaga.

Aliimba mara mbili. Mara ya kwanza alimwiga Royce, na ikawa kuiga tu. Mara ya pili alifumba macho akamwona baba yake ameshika ufagio, vumbi la nyasi kavu likicheza mlangoni, na alipofika kwenye "wapi" hakupanda bali alijikuta tayari yuko juu. Alipomaliza, alimtazama Garland. Nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, alikuwa amevua miwani.

Dewey baadaye alijiambia kwamba alifanya vile kwa ajili ya bendi, kwa ajili ya Royce mwenyewe, na kwa ajili ya watu sita waliokula kwa jina la Piney Fork. Yote yalikuwa kweli. Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulisema kwa mtu. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amesimama hatua mbili kushoto akijiuliza kama naye angeweza. Siku ile aliacha kujiuliza, na furaha aliyoipata ilimtia aibu hata kabla hajatoka mlangoni.

"Nani atamwambia?" aliuliza.

"Niachie mimi. Kazi yangu hiyo."

Jumatatu Royce alirudi. Garland alimwambia kwamba ameukusanya ule wimbo kutoka vipande vya siku zile tatu, neno hili kutoka hapa, neno lile kutoka pale, kama mtu anavyounga blanketi la viraka, na umekaa vizuri. Royce alimtazama. Kisha akamtazama Dewey, ambaye alikuwa ameinamia besi anakaza nyuzi ambazo hazikulegea. Hakuomba kuusikia. Alisema haya, turudie wimbo wa tisa.

Albamu ilitoka mwezi wa tatu, nayo ikapewa jina la ule wimbo. Mwandishi mmoja wa gazeti la Nashville aliandika kwamba ni nyimbo kumi za mtu aliyechoka na wimbo mmoja wa mtu aliyezaliwa upya. Mwingine wa Atlanta alisema Royce Stallings anaiburuta sauti yake kama gunia la mbolea kutoka mwanzo hadi mwisho wa kaseti, isipokuwa katika wimbo wa nne, ambapo analitupa gunia na kusimama wima, na kwa dakika zile nne hakuna mwimbaji wa kantri aliye hai anayemfikia. Redio ziliacha zile kumi zikaushika huo mmoja. Kufikia mwezi wa tano ulikuwa namba moja nchi nzima, ukakaa hapo wiki tano.

Halafu zikaja barua. Watu waliouza mashamba yao miaka ile ya madeni na ukame waliandika kutoka Iowa, Kansas, Carolina. Mmoja alituma picha ya ghala lake tu, bila neno. Mwanamke mmoja aliandika kwamba mumewe hakulia siku ya mnada, hakulia miaka saba iliyofuata, ila wiki iliyopita wimbo ulipigwa redioni akaegesha pikapu kando ya barabara, na mpaka yeye anaandika barua hii bado hawezi kulizungumza. Barua zote zilianza na jina moja: Ndugu Royce.

Dewey alikuwa akisubiri. Alijua kaseti ilifika kwa Royce mwezi wa pili, kabla ya kuuzwa, kwa sababu yeye yake ilifika siku hiyohiyo. Alikaa karibu na simu siku mbili. Simu haikulia. Jumapili walikutana kanisani, na Royce akamuuliza kama klachi ya trekta lake imepona.

Mwezi wa tano walialikwa pamoja katika kituo kimoja cha redio cha Gadsden. Mtangazaji, mzee mchangamfu aitwaye Hoyt Beasley, aliupiga wimbo wote, na ulipokwisha akafuta macho waziwazi.

"Royce, ndugu yangu, nikwambie kweli. Watu walishakuzika. Walisema koo limekwisha, akafuge kuku. Halafu unatupiga na hii. Sauti hii ulikuwa umeificha wapi miaka yote?"

Royce alikuwa anatazama spika iliyotundikwa ukutani.

"Kuna siku Mungu anakupa siku njema," alisema. "Nashukuru."

"Na wewe Dewey, kaka yako akiimba namna hii, unasimama pale unafanya nini?"

"Nasikiliza tu," Dewey alijibu, na wote mle chumbani wakacheka, Royce pia.

Wakati wa kurudi Royce ndiye aliyeendesha. Alisimama mahali njiani akanunua karanga za kuchemsha, mfuko mmoja, akamimina nusu yake kwenye kofia ya Dewey. Walizila wakitupa maganda dirishani. Dewey alifikiri: anajua. Kisha akafikiri: amenisamehe. Mara tatu alifungua mdomo. Lakini mtu akishachelewa kusema jambo kwa miezi saba, kila siku inayoongezeka ni tofali jingine, na ukuta ukifika kidevuni huwezi tena kuona upande wa pili. Walifika nyumbani hajasema.

Onyesho la kwanza la albamu lilipangwa nyumbani, tarehe nne Julai, alasiri, kwenye uwanja wa besiboli wa shule. Garland alikuja kutoka Nashville. Alimshauri Royce kwamba wimbo ukifika wapige utepe chini kwa chini, yeye achezeshe mdomo tu, waimbaji wakubwa wanafanya hivyo na hakuna anayejua.

"Hapa?" Royce aliuliza. "Mbele ya watu walionibatiza?"

Garland akashauri waushushe basi, hatua mbili tu, aupate bila taabu. Royce alikataa. Alisema wimbo uliandikwa kule juu na utaimbwa kulekule.

Uwanja ulijaa. Watu walikaa juu ya mablanketi na ndani ya pikapu, wakila kuku wa kukaanga na matikiti, jua linachoma. Royce aliimba nyimbo za zamani na watu wakamsaidia. Zilipochezwa noti za kwanza za "Jumanne Ile" uwanja mzima ulisimama. Wanaume walivua kofia kana kwamba ni wimbo wa taifa.

Ubeti wa kwanza alipita, mkwaruzo na yote. Wa pili alipita kwa shida. Wa tatu, watu wote walinyamaza ili wamsikie akipanda. Alipanda. Sauti ilifika nusu ya njia ikakatika, kama kamba ya ndoo inavyokatika kisimani, kikasikika kishindo cha pumzi tu kwenye spika zote za uwanja. Alijaribu tena neno lilelile. Halikuja. Mtu mmoja kule nyuma alipiga mluzi, na mwingine akacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake.

Dewey alikuwa hatua mbili kushoto. Ile sauti ya juu ilikuwa tayari kooni mwake, imekaa pale kama tonge. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Lakini angeufungua, sauti ya kwenye redio ingetoka kwa mtu asiyekuwa Royce, mbele ya watu elfu sita wenye masikio. Akabaki chini, kwenye sauti ya pili, akiishikilia noti yake ya kila siku kama mtu anayeshika ukingo wa daraja.

Royce aliyasema maneno yaliyobaki, kwa kuzungumza tu, mpaka mwisho. Walimpigia makofi laini, makofi ya msibani.

Nyuma ya jukwaa, kwenye kivuli cha lori la vyombo, Royce alikaa juu ya sanduku la spika akinywa chai ya baridi aliyoletewa na Nelda. Dewey alikwenda akasimama mbele yake. Hapakuwa na mtu karibu.

"Uliniacha peke yangu kule juu," Royce alisema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imeisha kabisa, ilimbidi Dewey ainame.

"Wangejua, kaka."

"Wangejua nini?"

Dewey aliikunja kofia yake mikononi.

"Sema, mdogo wangu. Nimekungoja tangu mwezi wa pili. Wangejua nini?"

"Kwamba ni mimi."

Royce alitikisa barafu kwenye glasi, akaitazama. "Nilijua kwenye mstari wa kwanza. Unavuta pumzi kabla ya neno 'baba'. Unafanya hivyo tangu una miaka sita." Akanywa funda. "Uliimba vizuri, Dewey. Uliimba kuliko mimi nilivyowahi kuimba kitu chochote, na nimekaa na jambo hilo nyumbani, nimelala nalo, nimekwenda nalo kwa ng'ombe. Hilo si tatizo."

"Garland alisema atakwambia."

"Garland si ndugu yangu."

Watoto walikuwa wakilipua fataki mapema huko nje ya uzio, pa, pa, mchana kweupe.

"Ungeniomba," Royce alisema, "ningekupa. Ningesimama nyuma yako nikuimbie sauti ya pili. Tangu tuzaliwe, ni kitu gani uliniomba nikakunyima?"

Dewey alitafuta. Aliipekua miaka yote, kwa uaminifu, na hakukipata. Alitaka kusema nisamehe, na neno lilikuwa karibu kabisa, lakini Nelda alitokea upande wa pili wa lori na sahani mbili za chakula, akisema hawa watu wanaosubiri saini watakuja kukuvunja mguu, twende nyumbani, na Royce akainuka.

Kesho yake gazeti la mji mkubwa liliandika kwamba Royce Stallings alipanda jukwaani amelewa. Nelda aliandika barua ya kurasa nne kulijibu. Royce aliikunja akaitia kwenye droo. Alisema heri watu wadhani ni pombe. Wiki ya pili alitangaza kwamba anapumzika, na Piney Fork ikawa imekwisha, albamu yake bado iko kwenye chati.

Miaka miwili na nusu ilipita. Ndugu wale walikutana kila Jumapili kanisani, na kila Siku ya Shukrani mezani kwa mama yao, bata mzinga katikati. Walizungumza juu ya mvua, bei ya ng'ombe, goti la mama. Royce hakumnunia mdogo wake hata siku moja, na hilo ndilo lililomwumiza Dewey kuliko yote, maana mtu aliyekununia unaweza kumwendea. Waumini walipoimba tenzi, Royce alisogeza midomo bila sauti. Mara nyingi Dewey alijiambia, wiki hii nitakwenda nimwambie. Jirani ndiye aliyempigia simu, asubuhi ya Februari. Royce alikuwa amekwenda kuwapa ng'ombe nyasi kavu, na moyo ukasimama. Walimkuta ameketi, mgongo umeegemea gurudumu la trekta, ng'ombe wamemzunguka wanakula.

Majirani walijaza jiko la Nelda kwa vyungu vya maharage, mkate wa mahindi na nyama ya nguruwe, kama kawaida yao. Mchungaji alikuja kupanga ibada, akamuuliza Dewey kama ataimba. Kabla Dewey hajajibu Nelda alisema hapana, hataki mtu aimbe. Alitaka wimbo wa nne. Alitaka Royce mwenyewe aimbe.

Siku ya maziko kanisa halikutosha, watu walisimama hadi kwenye maegesho. Mchungaji alibonyeza redio ya kaseti iliyowekwa juu ya meza ya Bwana. Dewey alikuwa kiti cha mbele, kati ya mama yake na wabebaji wenzake wa jeneza. Kutoka kwenye spika akajisikia mwenyewe akivuta pumzi, kabla ya neno "baba". Watu walianza kulia kuanzia nyuma, kilio kikasogea mbele safu kwa safu. Ilipofika "wapi", mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ee Mungu, msikie, bado yuko nasi. Mama yake Dewey alikuwa ametulia, mkono wake uko juu ya goti la mwanawe. Mkono ule ulibana mara moja, kwa nguvu, wakati wa ubeti wa tatu. Bi Ovaline alikuwa na miaka themanini na moja. Dewey hakuthubutu kumtazama, na hata alipokufa mwaka uliofuata hakuwa amejua mbano ule ulikuwa na maana gani.

Kifo kikaiuza albamu upya. Wale wale waliosema nyimbo kumi ni za mtu aliyechoka sasa waliandika kwamba mkwaruzo ule ulikuwa ni mtu anayeaga, na kwamba wao walikuwa viziwi. Lakini wimbo wa nne ulibaki juu ya yote. Walipita nao kila mahali. Dewey aliusikia dukani akichagua misumari, aliusikia kwa daktari wa meno, mdomo wazi, hawezi kusogea.

Mwezi wa tano alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwa Nelda alasiri moja, akamkuta barazani anamenya mbaazi mbichi, bakuli mapajani. Dirisha la nyuma yake lilikuwa wazi, na kutoka ndani ulikuwa unatoka wimbo uleule, taratibu, kama redio ya jikoni. Nelda alimkaribisha, akamwonyesha kiti kwa kidevu.

"Shemeji, nina jambo," Dewey alisema. "Ningekwambia zamani."

Akamwambia lote. Jumamosi ile, Garland, hedifoni, lori, maneno ya Royce. Hakujipendelea. Mikono ya Nelda iliendelea kumenya kwa muda, kisha ikaacha. Wimbo ulikwisha mle ndani, ukafuata wa tano, na sauti ya kweli ya Royce ikaanza kukwaruza.

"Unafikiri nimelala na mwanamume miaka thelathini na moja sijui sauti yake?" Nelda alisema hatimaye.

Dewey akainua uso.

"Kaseti ilipofika tuliisikiliza wote, hapo jikoni. Nikamwambia, Royce, huyu ni wewe? Akasema ni mimi. Nikamtazama, naye akanitazama, akasema tena, ni mimi, Nelda. Alikuwa hajawahi kunidanganya. Kwa hiyo nikaamua ni yeye." Alichukua ganda moja akalipasua, halikuwa na mbaazi ndani. "Niliamua, unanielewa? Nimefanya kazi ya kuamini jambo hilo miaka mitatu. Tangu amekufa, kila siku saa hizi ninaufungulia, anaimba, na ninamwamini. Hicho ndicho nilichokuwa nacho."

"Nilitaka ujue ukweli."

"Ukweli nilikuwa nao. Wewe hukuja kunipa kitu, Dewey. Ulikuwa na mzigo umekuchosha, umekuja kuutua barazani kwangu." Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu. "Na sasa siwezi tena. Umelisema kwa mdomo wako. Mimi nitafanya nini na hilo saa kumi ya kesho?"

Dewey aliinuka, akakaa tena. Alimwomba msamaha. Nelda alimwambia amemsamehe, yeye ni Mkristo na Dewey ni nduguye, lakini kwa leo aende tu. Akamfungia mbaazi kwenye gazeti ampelekee mama yake.

Hawakukosana. Kanisani alimpungia mkono, na Dewey alimkatia nyasi kiangazi kizima. Lakini mwanamke wa jirani, bila kujua analosema, alimwambia Dewey siku moja kwamba siku hizi nyumba ya Nelda imenyamaza, hawasikii tena ule muziki wa alasiri, pengine mjane ameanza kupona.

Garland alipiga simu kutoka Nashville mara mbili. Kampuni ilitaka kutoa albamu tena, na maelezo ya namna ilivyorekodiwa. Dewey alimwambia aandike kama ilivyoandikwa mwanzo: sauti ya kwanza, Royce Stallings. Garland alisema hiyo ni heshima kubwa. Dewey alikata simu.

Alirudi kuimba, kwa kuwa hakuwa na ufundi mwingine. Alikusanya wapiga ala watatu, wakawa wanazunguka kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, mchana, kati ya mashindano ya ndama na mnada wa keki. Hakutaka kuuimba wimbo wa nne, lakini hakuna mahali walipomwacha ashuke bila kuuimba. Kwa hiyo aliuimba, kila mahali, vilevile alivyouimba Jumamosi ile, kwa sababu hakujua kuuimba kwa namna nyingine.

Huko Cullman, mwaka wa tisini na nane, mwanamke mmoja wa makamo alimngoja kando ya jukwaa. Alikuwa ameshika picha ya Royce ili Dewey aitie saini, kama ndugu wa marehemu. Alimshika mkono akautikisa kwa huruma.

"Umejitahidi, baba," alimwambia. "Nisikukatishe tamaa, umejitahidi kweli. Ila kule juu, kwenye 'wapi', pale hapana. Pale alikuwa Royce peke yake."

"Ni kweli, mama," Dewey alisema.

Akaichukua ile picha, akaomba kalamu, akaandika jina lake pembeni kabisa, mahali ambapo halikumgusa kaka yake.